Pakiti ya Nyuma

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya mke wangu lilikuwa kupanga majani ya chai. Alirudi kutoka dukani na pakiti mpya, akaishusha ile ya zamani, akafuta rafu kwa kitambaa chenye unyevu, akaisukuma mpya nyuma na kuirudisha ya zamani mbele. “Ukianza na ya nyuma nitajua,” aliniambia. Kesho yake alilazwa, na hakurudi nyumbani. Pakiti ya mbele iliishia kwa watu wa msiba. Ya nyuma iko palepale, haijafunguliwa.

Kijiwe chetu ni benchi la mbao za paleti kuukuu, nje ya ghala, katikati ya mlango wa kupokea mizigo na mlango wa kuitoa. Mama Birika hutumiminia kahawa kabla kengele ya zamu haijalia. Winchi anaendesha foklifti, na huinua sauti kama anavyoinua mizigo. Mizani hupima kila kinachoingia, yakiwemo maneno ya wenzake. Mimi wananiita Shemeji. Mke wangu aliajiriwa hapa kabla yangu. Alianza kwa kuhesabu magunia mlangoni, akapanda hadi kuwa mkuu wa mapokezi. Mimi nilikuja na shahada yangu nikapelekwa idara ya kutoa. Nilipomwoa, hawa kaka zake wa kazini wakanipa jina hilo, na hawajaliacha. Kwa miaka yote ile, hakuna mzigo niliouruhusu kutoka ambao haukupita kwanza mikononi mwake.

Asubuhi moja Winchi alinichokoza kuhusu meneja. Meneja anataka nikashike meza ya mapokezi, iliyo tupu tangu msiba. Ni kupanda cheo. Nilikuwa nimeahidi kumjibu, na nilikuwa ninamkwepa.

— Shemeji, cheo kinakuita, unajifanya husikii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Meza yenyewe haiko mvunguni, alisema Mizani.

— Basi asimame.

Sijui kwa nini niliwaambia ukweli. Niliwaambia siwezi kukaa kwenye meza yake ilhali nyumbani hata pakiti yake ya chai imenishinda kufungua. Nikawaeleza ilivyo. Mama Birika aliliacha birika hewani juu ya kikombe changu.

— Kumbe hii kahawa yangu unainywa kwa kuikimbia chai?

— Ndiyo, Mama Birika.

Alikijaza kikombe mpaka ukingoni.

Hapo benchi likagawanyika. Winchi alishikilia kuwa pakiti isiguswe, kwa sababu akiba haiozi. Mizani akasema majani yakikaa sana yanapoteza harufu, na chelewachelewa utakuta mwana si wako. Winchi akataka kujua mwana ameingiaje kwenye chai. Mizani akashauri ninywe nusu, nusu niifunge kwenye chupa. Winchi akaona huko ni kukata mzigo wa watu njiani. Yeye angeiviringishia nailoni kama tunavyofunga paleti, aijengee rafu yake peke yake, juu kabisa, pasipofikika bila foklifti. Foklifti angeileta mwenyewe hadi jikoni kwangu. Mizani naye akakumbuka ghala alilofanyia kazi zamani, lenye sanduku ambalo mwenyewe hakuja kulichukua. Mzani wa pale ulianza kuzidisha uzito wa kila kitu.

— Mzani unahuzunika? aliuliza Winchi.

— Foklifti yako je? Tangu msiba imegoma mara ngapi pale mlangoni kwa marehemu dada yetu?

Winchi aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja wa makamo, viatu vyake vya kazi bado vinang’aa. Ameajiriwa mapokezi, na tangu afike anaambiwa asubiri kwa kuwa hakuna wa kumwonyesha kazi. Alikuwa ametusikiliza kwa adabu, kikombe mapajani.

— Samahani, Shemeji, alisema. (Jina alilichukua kwa wenzake.) Nyuma ya hiyo pakiti kuna nini?

— Hakuna kitu, mama.

— Na nani ataweka mpya?

Winchi alimtazama Mizani. Mizani alitazama ndani ya kikombe chake. Mama Birika aliinamisha birika, yakatoka matone mawili matatu na machicha. Kengele ikalia, tukainuka mmoja mmoja bila kuagana.

Kesho yake asubuhi nilipita dukani kabla ya kazi, nikanunua pakiti ya aina ileile, nikarudi nayo nyumbani. Niliishusha ya zamani. Nikafuta rafu. Nikaisukuma mpya nyuma, na ya zamani, badala ya kuirudisha mbele, nikaifungua. Harufu yake ilikuwa bado nzima. Nilikunywa kikombe kimoja, nimesimama pale jikoni.

Kisha nikaenda kazini, nikaingia kwa mlango wa mapokezi. Yule mama alikuwa amesimama kando ya lori la kwanza, hajui aanzie wapi. Nilitoa kitambaa kwenye droo ya ile meza, nikakilowesha bombani, nikampa.

“Kabla hatujapokea chochote,” nilimwambia, “tunafuta rafu.”