Ngazi ya Bibi Tokue Hoshina

Marehemu Tokue Hoshina alizaliwa tarehe 4 Machi 1947 hapa kijijini Kanzawa, Niigata, Japani, theluji ikiwa imefika madirishani. Alisoma katika shule ile ile ambayo mlingoti wake umesimama juu ya paa hadi leo. Alimaliza mwaka 1962, akaenda mjini Nagaoka, akafanya kazi miaka thelathini na mmoja kiwandani akiunganisha redio.

Mwaka 1971 aliolewa na Kiyomasa, mkulima wa mpunga wa hapa kijijini. Kila alfajiri Kiyomasa alizunguka majaruba yote mlimani kutazama maji. Mei 2011 aliteleza, akazama mferejini. Tokue aliapa kwamba hakuna mwingine wa Kanzawa atakayekufa kwa sababu ya kwenda kutazama maji.

Kampuni ya simu ilisema nyumba tisa hazistahili mnara. Basi, akiwa na miaka sitini na sita, akaunda mwenyewe vipima maji vidogo, vya betri inayodumu miaka mitano, vinavyotuma kwa redio neno moja tu, hata kilomita nane: maji yapo, au maji yamepungua. Antena aliyoifunga kwenye mlingoti wa shuleni iliyapokea, na intaneti ya waya ya shule ikayaleta kwenye simu zetu. Wengi walimcheka, wakiwemo waliopo hapa.

Oktoba 2016 vipima vyote vilinyamaza. Alivifungua kimoja kimoja, vyote kumi na vinne, ndipo akainua macho. Jirani yetu Sugawara alikuwa ameazima ngazi ya Tokue, akaanika figili mbichi kwenye mlingoti, zikauzingira wote, na unyevu wake ukazuia mawimbi ya redio.

"Dada, nguzo ilikuwa tupu, na upepo wa huko juu ni mzuri!"

"Shusha figili zako, Sugawara! Umeliziba mdomo bonde zima!"

Tangu siku hiyo Tokue aliifunga ngazi kwa kufuli nyumbani kwake.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Mei halmashauri ikaandika: shule inabomolewa, mlingoti ushushwe kabla Juni haijaisha. Ofisa alimfuata hospitalini.

"Bibi, watu wenyewe mmebaki kumi na saba."

"Kumi na saba, na hakuna aliyezama tena. Ukiutaka, mwanangu, panda. Ngazi ninayo mimi."

Alifariki tarehe 9 Juni 2024, simu mkononi ikionyesha kwamba jaruba la Kiyomasa lina maji ya kutosha.

Ameacha binti mmoja, Sanae, anayewasomea haya, wajukuu wawili, na Sugawara, anayelia kuliko sote. Ofisa, nakuona hapo nyuma. Karibu chakula. Ufunguo wa kufuli ninao shingoni.

Pumzika, Mama. Mlingoti haushuki.