Mawe Mawili ya Kilo Kamili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Leo tunamkumbuka muuza unga na nafaka wa mtaa wa pili nyuma ya stendi, yule aliyeitwa Kilo Kamili. Jina hilo alijipa mwenyewe. Ilibidi, maana hakuna mwingine ambaye angempa.

Najua, marehemu hasemwi vibaya. Lakini mjane wake alinikaribisha jikoni, akanisogezea kigoda, akasema: "Mwanangu, ukimpamba mume wangu, nazima redio."

Haya basi. Marehemu alikuwa na mawe mawili ya mizani. Narudia: mawili. Yote yameandikwa kilo moja. Moja lilitobolewa chini, tundu likazibwa kwa nta na masizi. Hilo la kuwauzia ninyi. La pili lilimiminiwa risasi, likazidi uzito. Hilo la kununulia kwa wakulima. Mkulima alipunjwa asubuhi, mteja akapunjwa jioni, na katikati yao mtu mmoja akanenepa. Haba na haba hujaza kibaba. Haba ilikuwa yenu, kibaba kilikuwa chake.

Na siku ya ibada, msomaji alikuwa nani? Yeye! Koti limenyooshwa pasi, sauti nzito, akisoma maandiko ya kale yanayomkataza mtu kubeba mawe mawili mfukoni, zito na jepesi. Alisoma bila hata kukohoa. "Nilikuwa nainamisha kichwa," anasema mjane. "Watu wakadhani nasali."

Siku moja alimuuliza. Akajibiwa: "Mama watoto, yamekatazwa mfukoni. Mimi nayaweka chini ya meza." Mwanamume mzima, mwenye mvi!

Mwaka mmoja aliyachanganya. Kutwa nzima akawauzia wateja kwa lile zito. Alipogundua, alilala siku tatu, shuka hadi usoni. Alipofiwa na mama yake mzazi, alifungua duka saa nane mchana ya siku hiyo hiyo.

Siku ya maziko wafanyabiashara wenzake walilia mpaka wakashikiliwa. Muuza sukari, machozi hayajakauka, akamvuta mjane kando. "Shemeji, yale mawe mtayafanyia nini?"

"Kwani yako yamechakaa, shemeji?" mjane akamjibu.

Kesho yake aliyatumbukiza yote mawili chooni. Kifungua mimba wake akaja juu. "Mama, duka ndilo hili hili tulilo nalo. Kwa kilo ya kweli litakufa kabla ya arobaini ya baba."

"Basi life likiwa safi," akasema. Lakini usingizi ulimpaa. Ana wajukuu wanne wanaosoma kwa duka hilo.

Akanunua jiwe jipya lenye mhuri, akafungua. Mteja wa kwanza alikuwa mama mfua nguo, anayenunua hapo miaka ishirini. Akapimiwa kilo moja. Akaondoka. Hatua kumi, akasimama, akaupima mfuko kwa mkono, akarudi.

"Mama, umenizidishia," akasema. "Ni majonzi hayo. Usije ukaingia hasara na msiba huu."

"Hiyo ndiyo kilo, mwenzangu."

Mfua nguo akacheka kwa huruma. Akafungua mfuko, akachota konzi nzima ya unga, akairudisha guniani, akaenda zake. Mjane aliona aibu kumwita.

Mjane, wanao na wajukuu, poleni sana. Mungu awape subira, na duka lisimame. Ninyi mliolia kwa sauti kubwa makaburini, mnajijua. Pindueni mawe yenu leo mtazame chini yake, kisha mthubutu kusimama kusoma maandiko mbele za watu. Mnanitia kinyaa.

Na wewe, mama mfua nguo, kama unanisikia huko kwenye mabeseni yako: rudi dukani. Ile konzi ilikuwa yako.