Mwalimu wa Dansi katika Mahakama ya Mbao

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, mwalimu wa dansi wa kipindi chetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita na miezi minne. Hapa studio tunamwita Bi Mdundo, na sidhani kama hata ofisi ya utumishi inalikumbuka jina lililo kwenye faili lake. Mimi ni fundi sauti. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu miaka yote hiyo yeye ndiye aliyenifokea nianzishe muziki, na mimi ndiye niliyechelewa. Mhariri wa jarida letu ameniomba nitaje mafanikio na niache umbea. Nitajitahidi.

Kwa waliojiunga nasi juzijuzi: kipindi chetu ni vichekesho vya mawakili wenye ofisi ndogo na kesi ndogo zaidi. Jogoo anayewika saa nane mchana, suti iliyorudi fupi kutoka kwa dobi, ngazi iliyoazimwa na jirani ikasahau njia ya kurudi. Katikati ya kila kesi sheria husimama, muziki huingia, na mtu mmoja hucheza. Watazamaji wengi hudhani dansi ile ni pambo tu. Bi Mdundo aliletwa kwa wiki tatu, awafundishe mawakili kucheza katika sherehe ya ofisi. Wiki ya nne mtayarishaji alisahau kumwambia aondoke, na yeye, kwa adabu zake, hakumkumbusha.

Nikizikumbuka asubuhi zake, huwa sina hakika kama nakumbuka kazi au ndoto. Mahakama yetu ni ya mbao, haina dari, na dirisha lake linatazama anga la kuchorwa ambalo halijawahi kupata wingu. Taa huwashwa nusu. Vumbi huelea juu ya kiti cha hakimu bila haraka yoyote. Bi Mdundo hukaa kizimbani, mahali pa mshtakiwa, na kikombe chake cha chai isiyo na sukari, na mwigizaji huingia peku kabla hajapewa hata ukurasa mmoja wa maneno. Mimi napiga nyimbo tatu, mwigizaji anacheza, hakuna anayefungua mdomo. Kisha Bi Mdundo anapanda ghorofani kwa waandishi na kuwaeleza huyo mtu ni nani.

Ndivyo tulivyowajua watu wetu. Wakili mkubwa, yule mwenye maneno kama bomba lililopasuka, kila mara alikuwa akiutangulia muziki kidogo. Bi Mdundo akasema huyo anaogopa kuachwa, na waandishi wakapata habari za baba yake za kutosha msimu mzima. Mwendesha mashtaka, mama mkavu asiyecheka, alicheza kwa mabega tu huku miguu imetulia, na tukajua kuna mzigo anaoubeba nyumbani. "Mdomo una wakili," Bi Mdundo hupenda kusema. "Mwili hauna."

Kosa langu maarufu nalitaja mwenyewe kabla wengine hawajaniwahi. Siku moja mwendesha mashtaka alitakiwa aingie kwa wimbo wa gwaride, apinge dhamana ya mwenye jogoo. Mimi nikaweka wimbo wa polepole, ule ambao hakimu huingia nao, na kamera zilikuwa zimeshaanza kurekodi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini yule mama hakusimama. Aliweka faili mezani, akafumba macho, akayumba taratibu kama mtu aliye peke yake jikoni mwake, na hakimu kule juu akasahau kugonga nyundo. Studio nzima tulikuwa kama tumelala macho wazi. Bi Mdundo alikuja kibandani kwangu, nikajikunyata, naye akaniambia tu kwamba ole wangu kipande kile kikifutwa. Kwa wiki kadhaa watazamaji waliandika kuuliza mwendesha mashtaka alianza lini kumpenda hakimu. Waandishi wenyewe walikuwa wamejua siku ileile.

Mafanikio, basi. Amefundisha waigizaji arobaini na mmoja, tisa kati yao wakiwa wameapa kwamba hawakucheza hata kwenye harusi zao. Ameteguka kifundo cha mguu mara moja, kwenye ngazi za kantini, akiwa anatembea kistaarabu kabisa. Yeye mwenyewe, hadi wiki iliyopita, hakuwahi kucheza mbele yetu. Hufundisha kwa mikono, kwa macho, na kwa kunifokea mimi.

Sasa nafika kwenye lile ambalo mhariri aliniambia nilifikirie mara mbili. Nimelifikiria mara tatu, na Bi Mdundo mwenyewe ameniruhusu.

Karani wetu wa mahakama anaigizwa na mdogo wake Bi Mdundo wa kiume. Alipita usaili kwa uwezo wake mwaka wa nne wa kipindi, na tangu hapo, miaka ishirini na miwili, amekuwa akisema sentensi moja, ya kuwataka watu wasimame. Wengine wote wamecheza, hadi mfagizi wa mahakama. Karani, hapana. Kila msimu waandishi waliomba, na kila msimu dada mtu akakataa. Tulinong'onezana kwamba anaogopa kuambiwa anapendelea ndugu.

Haikuwa hivyo. Mwaka juzi, tukisubiri umeme urudi, alinieleza. Mchezaji wa nyumbani kwao alikuwa yule mdogo, na ndiye aliyepata nafasi katika chuo cha dansi. Mama yao akaugua ugonjwa wa kulala kitandani, ikabidi mtoto mmoja abaki. Mdogo mtu akamwambia dada yake aende yeye, chuo kikakubali, na dada akaenda. Yule mwingine alimuuguza mama miaka sita, hakulalamika hata siku moja, na hakucheza tena. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Bi Mdundo aliusubiri mshindo huo nusu ya maisha yake. Anasoma miili ya watu kama sisi tunavyosoma magazeti, lakini mwili huo mmoja aliuogopa. Aliogopa kwamba siku mdogo wake akicheza, yeye ataona kuwa mdogo huyo anamchukia.

Wiki iliyopita tulirekodi kipindi chake cha mwisho. Wakati wa dansi ulipofika, karani aliinuka mezani pake bila kuitwa, akavua viatu, akaja kibandani na kuniomba wimbo wa zamani ambao mama yao aliupenda redioni. Nilimtazama Bi Mdundo. Alikuwa ameushika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Hakusema hapana.

Hasira ilikuwepo. Wasifu si mahali pa kusema uongo. Visigino vilipiga sakafu hadi vumbi likainuka, mikono ikakata hewa, na mwanamume wa miaka hamsini na saba mwenye magoti mabovu akatuonyesha kijana wa miaka kumi na tisa aliyebaki chumbani na harufu ya dawa. Dada yake hakugeuza uso. Alilia huku anatazama, nami nililia juu ya mitambo. Kisha hasira ikaisha, na wimbo ulikuwa bado. Muda uliosalia alicheza kwa raha tu, akijicheka alipokosea. Akaenda kizimbani, akafungua kile kijimlango, akamshika dada yake mkono. Ndipo tukamwona Bi Mdundo akicheza, kwa mara ya kwanza. Kila hatua yake iliomba radhi, na kila hatua ilijibiwa. Hakuna aliyekumbuka kuzima kamera.

Walipomaliza, wote wawili wakihema, mdogo mtu alimwambia mbele yetu kwamba yeye alikaa nyumbani zamani, sasa ni zamu ya dada. Tukacheka, tukidhani ni utani. Kumbe alikuwa ameshaiomba kazi ya dada yake, na barua ya kukubaliwa ilikuwa mfukoni mwa joho la karani. Ataanza Jumatatu.

Bi Mdundo, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kutufundisha kutazama. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku nyingi zisizo na ratiba. Jumatatu usiamke mapema, tafadhali. Tulia nyumbani, Dada. Mdogo wako ameenda kucheza.