Mzee Mabkhuti na Finjani za Thumama

Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 1987, Mzee Mabkhuti bin Tanafu anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mipaka miaka ishirini na minne. Nimeombwa niandike mimi, dereva na mpika kahawa wake, na walioniomba wana akili. Shule niliiacha mapema, lakini nimefika Basra, nimefika Bombei, na mtu kama huyu sijamwona.

Aliingia kazini kama kiongozi wa njia. Akiona alama ya moto shingoni mwa ngamia, anakutajia ukoo wa mwenyewe na nani kagombana naye. Wahandisi walipochimbia nguzo za mpaka, ramani ikagoma kukubaliana na ardhi. Mzee ndiye aliyegundua: mjane mmoja ameing'oa nguzo akaifanya mhimili wa hema lake, basi akihama kufuata malisho, anahama na mpaka! Mzee alimfuata, akarudi na mbuzi wa zawadi, nguzo hana. "Mpaka hauna watoto wa kufunikwa," akatuambia.

Lakini jina alilipata kisimani Thumama. Kisima kimefukiwa na mchanga, kiangazi kinabisha hodi, na koo mbili, Bani Ghufeli na Bani Hazimu, kila ukoo unadai ni cha babu zake. Jangwani anayekizoa kisima mchanga ndiye hukimiliki, kwa hiyo hakuna aliyemruhusu mwenzake hata kushika ndoo. Ngamia wameanza kuanguka. Bunduki zimepakwa mafuta.

Mzee akasimamisha hema kando ya kisima, akawaalika masheikh wote wawili. Nikamimina kahawa, na kahawa yangu si mchezo. Sheikh Muhadi wa Ghufeli akaiweka finjani chini bila kuionja. Kwetu kufanya hivyo ni kumbana mwenyeji: sinywi mpaka unipe ninachoomba. Sheikh Salmini wa Hazimu naye akaweka yake, tap! Wote wanaomba kisima kilekile. Mimi nikaanza kupapasa ufunguo wa gari.

Mzee akauliza kwa upole, "Mabwana, mchanga huu tuliokalia ni wa nani?"

"Wangu!" akasema Muhadi.

"Wako tangu lini, we baba wa ndoto?" akadakia Salmini. "Wangu!"

"Basi wenyeji ni nyinyi, mgeni ni mimi." Akaweka finjani yake chini. "Nami nina ombi. Mpaka upite katikati ya mdomo wa kisima, na mkizoe pamoja."

Atakayemnyima mgeni amekiri kwamba yeye si mwenyeji, na asiye mwenyeji hana kisima!

"Shetani huyu katufunga kamba moja," akanong'ona Muhadi.

"Mpe, ndugu yangu, kahawa inapoa," akajibu Salmini.

Wakampa. Wakazoa mchanga siku ileile huku wakitaniana kwa matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, na maji yalipochimbuka, ngamia wa pande zote mbili walikunywa. Kiangazi kile Thumama hapakuzikwa maiti hata moja.

Asante, Mzee wetu, kwa makaburi ambayo hayakuchimbwa. Uendako mvua ikutangulie, ngamia wako wazae majike, na maisha yako yawe mema kuliko njia zote ulizonipitisha.