Jedidah Makandi na Ulimi Uliochelewa Kushuka Ndege

Tarehe thelathini mwezi wa sita mwaka huu, Bi. Jedidah Makandi, ambaye sisi wote tunamwita Mama Winrose, anatoka kazini baada ya miaka thelathini na moja katika Ushirika wetu wa Kahawa wa Kiathambo. Aliingia akiwa karani wa mizani. Anatoka akiwa mwonjaji mkuu. Cicily wa ofisi aliniambia niandike haya ya kumuaga, halafu yeye atanyoosha maneno. Nimemwambia asinyooshe. Mimi Kivuti nilifika darasa la nne tu, lakini nimeendesha gari la ushirika miaka ishirini na nane, na hakuna ndege hata moja imewahi kumwacha Mama Winrose. Kutoka kwake mtaa wa Majimbo mpaka uwanja wa ndege Nairobi, safari arobaini na moja, mvua na jua. Waulize madereva wengine wa Embu kama wako na hesabu kama hiyo.

Mama Winrose ni mzaliwa wa Nkubu. Baba yake alikuwa na miche mia mbili ya kahawa na watoto tisa wa kuichuma. Alipokuja kwetu alikaa kwa mizani miaka miwili, mpaka siku mwonjaji wa zamani alipomwekea vikombe saba vya kahawa kwa mzaha. Alinyonya kila kimoja kwa kijiko, kwa ile kelele ya waonjaji, akatema, akataja kila kikombe kimetoka kiwanda gani. Cha saba akasema kahawa yake imeoshwa na maji ya juzi. Walipouliza kiwandani, ilikuwa kweli. Kutoka siku hiyo mizani ilitafutiwa mtu mwingine.

Wanunuzi wetu wako Ulaya, kwa hivyo mwonjaji lazima apande ndege, akae nao mezani, waonje pamoja. Mimi sijawahi kupanda. Lakini hakuna mtu hapa anajua mambo ya ndege kunishinda, kwa sababu nimempeleka mtu mmoja akiwa na miaka thelathini na tatu na nikampokea akiwa na hamsini na tisa, na kila safari nilimuuliza maswali kutoka Makutano mpaka tufike Embu. Nilitaka kujua: ndege ni ile ile, mbingu ni ile ile, mbona mtu anabadilika?

Safari ya kwanza, mwaka wa tisini na nane, alivaa suti ya kanisa na viatu vipya. Alikuwa ameomba kiti cha dirishani, na aliporudi alinieleza mawingu mpaka Mwea. Alikula kila kitu alichopewa, akarudi na vijiko vya plastiki na vipakiti vya chumvi, akatugawia ofisi nzima. Kuogopa? Hata kidogo. Ndege ilitikiswa juu ya jangwa akacheka.

Halafu akamzaa Winrose. Safari iliyofuata, nikaona mwanamke mwingine kabisa. Alipiga simu nyumbani mara tatu kabla ya kuingia, na akaniambia alishika kiti mpaka vidole vikauma. Nikamuuliza inawezekanaje, aliyepanda mara kumi anaogopa kuliko aliyepanda mara moja. Akasema zamani alikuwa amebeba roho yake peke yake. Hilo jibu nililichukua nyumbani nikalifikiria wiki nzima.

Alipofika arobaini na kitu aliacha dirisha, akataka kiti cha kando ya njia, asiwaruke watu akienda msalani. Suti ikaisha, ikaja sweta. Alipofika hamsini, viatu vikaongezwa namba moja kwa sababu ya miguu kufura, na soksi ndefu za kubana. Chakula cha ndege akakiacha. Anabeba nduma ya kuchemsha kwa kitambaa na anaomba maji moto. Wengine hukimbilia kushuka wa kwanza. Yeye hungoja wote wamalize, ndipo ainuke polepole.

Lakini kilichonishangaza sana ni ulimi. Yeye alinifundisha kwamba huko juu ulimi hulala, chumvi na sukari hazisikiki vizuri. Kwa hivyo kila akifika hotelini anachanganya maji na chembe za chumvi, mengine na sukari, mengine na ndimu, kidogo sana, na anaonja mpaka aweze kuyatofautisha. Ndipo anajua ulimi umeamka. Na anaandika kwa daftari. Nimeliona kwa macho yangu. Akiwa na miaka thelathini na tatu, ulimi uliamka baada ya masaa matatu. Akiwa na arobaini na sita, masaa kumi na tisa. Akiwa na hamsini na nane, masaa arobaini na sita. Hakuna daktari amefanya utafiti kama huo, na sisi tuko nao hapa Kiathambo.

Sasa nifike kwa mwaka jana. Mnajua barua iliyotoka Ujerumani. Mnunuzi wetu wa miaka kumi na miwili alisema sampuli yetu ina harufu ya dawa, na kama ndivyo kahawa yote ilivyo, hataki tena hata gunia. Zilikuwa familia elfu moja na zaidi zinazongoja hiyo kahawa iende. Maneno yakaanza. Wakasema ni wamama wanaokausha kahawa kwa vitanda vya kuanikia pale kiwandani, ati wanaanika nguo zenye sabuni juu ya kahawa. Wamama wale walisemwa sokoni Manyatta mpaka mmoja akaacha kazi.

Ikaamuliwa Mama Winrose aende na meneja wetu, Bwana Ndwiga. Ndwiga ni kijana mzuri, ana miaka thelathini na nne. Alipanga ndege ifike asubuhi, na kuonja kuwe saa tisa siku hiyo hiyo. Mama Winrose alikataa. Waliendelea na hiyo kesi ndani ya gari langu, maana watu wa ofisi huongea kwa gari kama dereva ni gia. Ndwiga alisema mnunuzi atatuona wazembe. Akasema yeye hushuka ndege na kwenda kazini moja kwa moja, na labda Madam amechoka tu, ni miaka. Mama Winrose aliangalia mashamba ya mchele ya Mwea yakipita, kisha akamgeukia.

"Ndwiga mwanangu, miguu yangu itafika huko kesho. Ulimi utafika siku mbili baadaye. Unataka nionje na miguu?"

Mimi nilicheka. Ndwiga hakucheka. Lakini kufika Thika alikuwa amepiga simu, na siku ikasogezwa.

Huko, vile nilivyoelezwa na Ndwiga mwenyewe, yeye alikula kila sinia iliyopita mbele yake, akatazama filamu njia nzima, na jioni ile walipofika akaonja ile sampuli iliyolalamikiwa. Hakusikia harufu yoyote. Akataka kumwandikia mnunuzi papo hapo kwamba wanatusingizia. Mama Winrose alimzuia. Siku ya tatu asubuhi, ulimi ukiwa umeamka, alinyonya kijiko kimoja akakiweka chini. Harufu ilikuwapo. Angalieni basi: kama barua ya Ndwiga ingetoka, tungeitwa waongo, na mambo yangeishia hapo.

Ndipo akafungua pakiti nyingine, nusu ya sampuli ile ile, kahawa ya siku moja na kitanda kimoja, ambayo alikuwa ameihifadhi chumba cha kuonjea na kuibeba mapajani kutoka Embu. Wakaionja wote. Ilikuwa safi kama maji ya Mlima. Akawaambia kahawa haina kosa, sampuli ndiyo iliharibikia njiani. Mnunuzi alikubali. Magunia yakaenda yote.

Kamati ilipouliza ni njiani wapi, Mama Winrose alisema njia ni ndefu, na hawezi kusema asichokiona. Wakamwacha.

Lakini siku nilipompokea, kabla ya kuweka mizigo, aliinama akanusa buti ya gari. Akainuka, akanitazama.

"Baba Ireri," akaniambia, "ng'ombe wako anaendelea aje?"

Nikasema anaendelea vizuri. Akaingia garini. Hakuongea juu ya hilo tena mpaka leo.

Kila dereva wa kahawa anajua sheria: sampuli inakaa kiti cha mbele, peke yake, kwa sababu kahawa mbichi inavuta harufu kuliko nguo. Siku ile niliyopeleka sampuli ya Ujerumani uwanja wa ndege, nilipitia dukani nikanunua dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe wangu. Nikaiweka nyuma kwa buti. Kiti cha mbele nilikuwa nimempa jirani lifti, sampuli nayo ikaenda nyuma pia. Kifuniko hakikuwa kimekaza. Niliona pale palipolowa, nikapanguza na gazeti, nikajiambia hakuna kitu. Barua ilipokuja nilijua. Walipowasema wale wamama nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu mtu aliyejisifu miaka ishirini na saba hajui aanzie wapi.

Basi naanzia hapa. Wamama wa vitanda, kahawa yenu ilikuwa safi. Ilikuwa buti yangu. Yule aliyeacha kazi, nilimwendea Jumapili nyumbani kwake nikamwambia uso kwa uso. Alinitazama sana, halafu akasema atarudi msimu huu ukianza. Kamati ikitaka funguo za gari, ziko mezani kwa Cicily.

Mama Winrose, ushirika unakushukuru kwa ulimi wako, na zaidi kwa kukataa kuharakishwa wakati kila mtu alikuwa na haraka. Mimi nakushukuru kwa kunifichia mwaka mzima bila kuniaibisha. Lakini hiyo siri si ya kubeba mpaka kwenu Nkubu, nimekushushia mwenyewe. Nenda na mzigo mwepesi, na Mungu akupe miaka mingi ya kula chochote upendacho, bila kutema.

Kivuti, dereva.