Tao Moja kwa Ajili ya Odile

Sogeeni, wanangu, Thibaud na Josse, mkae upande mmoja wa kitanda, maana sina shingo ya kugeuka huku na huku kwa sababu ya ugomvi wenu. Nasikia mnatumiana maneno kupitia kwa wachanganya chokaa, waashi wazima na ndevu zenu.

Kanisa kuu babu yenu alilianza baada ya lile la kale kuungua, baba yenu Gautier akalipandisha mpaka madirishani, nanyi hamtaliona paa lake, na hilo halinisumbui. Kinachoniuma ni kanisa dogo la chini ya sakafu, lile la giza lililosalimika na moto. Wewe Thibaud unataka kulijaza kifusi ili nguzo yako mpya ipate pa kusimama. Josse anataka lijengwe tao la kuibeba, nawe unasema askofu ana haraka. Askofu ana haraka tangu mimi msichana, mwanangu.

Mnajua dada yenu Odile amelala mle chini, ila hamjui alivyofika. Alizaliwa kimya. Maiti haibatizwi, na asiyebatizwa huzikwa nje ya ukuta wa makaburi, basi wanawake wakamshusha kwenye sanamu ya Bikira Maria iliyo mle chini, kama tufanyavyo hapa, wakamwekea unyoya mdomoni, wakaomba. Unyoya ukitikisika, mtoto amevuta pumzi, padri humbatiza upesi. Nami, ingawa mwanamke aliyejifungua haingii kanisani kabla ya kutakaswa, nilibebwa nikalazwa ubavuni mwake. Waliomba mpaka magoti yakafa ganzi. Ukatikisika. Padri akamwaga maji, Odile akapata jina na kaburi.

Lakini mimi, pale chini nilipolala, nilimwona baba yenu ameinama nyuma ya mshumaa, midomo ameibenua kama anayepooza uji wa mtoto. Alipuliza yeye. Mtu yule mgumu, asiyedanganya hata kipimo cha jiwe, alidanganya mbele ya madhabahu kwa ajili ya binti yake. Sikumwambia kamwe kwamba nilimwona. Nilizidi kumpenda tu, mpaka akafa.

Yeye alimpa pumzi yake, ninyi mpeni tao moja. Thibaud, anzia kulia, Josse kushoto. Juu mtakutana, mtake msitake, na hapo mtasemeshana. Nyundo ya baba ni yenu nyote. Kuta zifunikeni majani makavu kabla barafu haijapasua chokaa mbichi... Mungu ailinde mikono yenu, na wake zenu wazae watoto wanaolia.

Thibaud, mpe mdogo wako mkono. Hivyo... Na huo mshumaa wa kando ya kitanda changu, msiupulize. Uacheni uishe wenyewe.