Kilo za Mbuzi wa Nafuna

Mgeni rasmi, Bi. Valerie Kihara, mkuu wa programu ya simu tunayopimia dozi za mifugo, chifu wetu, wafugaji wenzetu, hamjambo.

KARIBU
Sisi ni wahudumu na wafugaji wa Kawangware na Kambi Muru. Tumefurahi umekuja mwenyewe, maana barua zetu tatu zilijibiwa na kompyuta. Pole kwa viatu vyako na matope yetu.

TULIKOTOKA
Zamani tulikadiria kilo kwa macho na dawa kwa kifuniko cha soda. Programu yako ilipokuja tuliipokea kwa mikono miwili. Unaandika jina la mnyama, inakumbuka uzito wake, inakupa dozi. Imetusaidia sana, na hilo hatulifichi.

KILICHOTUUMIZA
Hapa kwetu mnyama huitwa kwa jina la mwenyewe, yaani mfugaji wake. Simu ilikuwa na "Mbuzi wa Nafuna", beberu wa kilo arobaini na tano. Krismasi beberu akauzwa. Januari akanunuliwa mtoto wa mbuzi, kilo tisa, naye akawa Mbuzi wa Nafuna. Siku ya sindano za minyoo, mwenzetu Jeconia Walubengo akagusa jina lile lile, na simu ikampa dozi ya beberu. Foleni ilikuwa ndefu, akaiamini. Mtoto yule alikufa kabla ya saa nane mchana, na tulilia.

Jeconia mwenyewe ndiye aliyepigia ofisi yako kueleza kosa. Siku ya tatu mkamfungia akaunti, na bila akaunti hana ruhusa ya kudunga mnyama.

TULICHOFANYA
Hatukukaa kungoja. Sasa kila mnyama ana hereni yenye namba yake, na hadungwi kabla ya kupanda mzani siku hiyo hiyo. Mmoja anasoma, mwingine anamhoji:
"Kilo ngapi, buda?"
"Tisa."
"Umeona ama umeambiwa?"
"Nimeona."
Ndipo dawa inavutwa. Tumeshadunga wanyama mia sita na kumi na wawili bila kosa. Utaratibu huu aliubuni Jeconia, ambaye siku hizi anashika mzani tu.

TUNACHOOMBA
Programu ikatae kutoa dozi mpaka uzito wa leo uandikwe, na imtambue mnyama kwa namba yake, si kwa jina la mwenyewe. Halafu mfungulie Jeconia. Aliyesema ukweli akiadhibiwa, wengine watanyamaza, na mbuzi watakufa bila wewe wala sisi kujua sababu.

Mimi ninayesoma ni Annet Nafuna. Mbuzi alikuwa wangu. Leo nimeleta mwingine, yuko pale kando ya mzani. Ana kilo kumi na moja, nimeona mwenyewe. Hajadungwa, kwa sababu namngoja Jeconia.

Mungu akutangulie katika uamuzi wako, na akufikishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Wahudumu na Wafugaji, Kawangware na Kambi Muru.